Maji ya Chumvi

Kwako Mama,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba umeamka salama, na kwamba barua hii imekukuta kwenye kiti chako cha dirishani, miwani ikiwa puani na si juu ya kichwa ambako huwa unaitafuta nusu saa. Mimi huku ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, naenda kazini, siumwi popote. Yaliyo moyoni ndiyo yaliyonifanya niombe ruhusa leo Alhamisi na kukaa mezani tangu saa saba mchana, na chai yangu imepoa mara mbili.

Nauliza hali yako, Mama, na safari hii siulizi kwa sababu barua huanza hivyo. Shavu linaendeleaje? Kaka alisema Jumapili kwamba uvimbe umeingia wiki ya pili, kwamba unatafuna kwa upande mmoja na mkate unauloweka kwanza, na kwamba mdomo haufunguki sawasawa. Alisema pia, tena akicheka kwa fahari, kwamba umewafukuza wote waliotaka kukupeleka hospitali. Eti huwezi kuwafungulia mdomo watu baki wakati unaye daktari wa meno uliyemzaa mwenyewe.

Anayekuletea barua hii ni jirani yangu wa mlango wa pili. Ni muuguzi, anaondoka leo jioni kwa gari lake kwenda kwao likizo, na kwetu ni njiani. Usimwone mpole ukadhani ataaga akishamaliza kikombe. Nimemwomba akae hapo sebuleni mpaka ufike ukurasa wa mwisho, kisha kuna jambo moja mtakalolifanya wewe na yeye. Ningeweza kuliandika hapa juu kabisa. Lakini nakujua: ukipewa amri bila sababu utaikunja karatasi, utaitia chini ya mto, useme siku hizi watoto ndio wanaozaa wazazi. Kwa hiyo nisome kwa mpangilio wangu. Si kurasa nyingi, na wewe unasoma haraka kuliko Kaka.

Simu nimeiacha makusudi. Simu ya nyumbani kwetu ni mkutano wa hadhara. Kaka anaiweka katikati ya meza, sauti mpaka mwisho, na kila anayepita anatia salamu zake. Haya ninayokuambia ni ya macho yako kwanza.

Nianze na mtu mmoja anayesifika sana huku. Picha yake imebandikwa kuta zote za mtaa wa ofisi. Amekunja mikono kifuani, anacheka meno yote, na chini yake pameandikwa kwa herufi kubwa KUWA WEWE. Kazi yake ni kukodi kumbi na kuwafundisha watu wazima jinsi ya kuwa wao wenyewe. Mtu ana miaka hamsini, ana wajukuu, anaamka Jumamosi, anapiga pasi shati na kupanga foleni ili aambiwe awe yeye. Sijui alikuwa nani mpaka Ijumaa. Pale karakanani tunamwita Bwana Kuwa-Wewe, maana ni mteja wetu. Yale meno anayoyachekea ukutani, manne ya mbele juu, ni ya bandia, na niliyatengeneza mimi.

Nimeandika karakana. Najua umelirudia hilo neno ukadhani nimekosea. Sikukosea. Nitalifikia, nivumilie.

Bwana huyu anaingia kwa mlango wa nyuma, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, miwani ya jua usoni hata mvua ikinyesha. Bosi wetu, ambaye huheshimu gari kabla hajamheshimu mwenye gari, humfungulia kwa mkono wake. Siku ya kuchagua rangi nilimwekea mezani kadi yetu. Ni kadi yenye vijino kumi na sita vimepangwa kutoka cheupe hadi cha manjano, nawe unachagua kinachofanana na meno yako yaliyobaki. Binadamu wengi wako katikati. Yeye aliisukuma kando kwa kidole. Alisema hapo hakuna rangi yake, anataka nyeupe zaidi ya nyeupe. Rangi hiyo ipo, tunaiagiza kwa ajili ya watu kama yeye, na sisi wenyewe tunaiita rangi ya sinki.

Nilijaribu kumsaidia. Nilimweleza kwamba meno yake mengine yana rangi ya chai, na kwamba akipachika masinki manne katikati yake kila mtu atayahesabu. Nilimwambia jino la bandia likitaka kuaminika lazima lipewe kasoro kidogo: lipinde kidogo, liwe na kivuli karibu na ufizi, likwaruzwe pembeni, kwa sababu hakuna mdomo uliochorwa kwa rula. Hiyo ndiyo kazi ninayoiweza kuliko mtu yeyote pale. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwani, akaniambia tatizo langu ni fikra ndogo. Nikampa masinki yake.

Nilimdharau kwa raha zote, Mama, tena si yeye peke yake. Yupo mzee mmoja aliyekuwa mkuu wa benki, amelala na meno bandia mdomoni miaka kumi na tisa ili mkewe asijue, na mkewe naye ni mteja wetu wa siku za Jumanne, anakuja kwa siri hiyo hiyo. Yupo binti mmoja aliyenyoosha meno mazima kabisa yafanane na ya mwanamke aliyemwona kwenye picha. Niliwacheka wote. Jioni nikipanga vifaa vyangu nilikuwa najiona mimi ndiye mtu wa kweli peke yangu katika mji mzima, na nikarudi nyumbani nikitembea kifua mbele.

Sasa sikiliza yaliyotokea Jumamosi, si hii iliyopita bali ile ya kabla yake. Bwana Kuwa-Wewe alikuwa na mafunzo yake katika ukumbi mmoja mkubwa, saa tatu asubuhi. Saa mbili kasoro akampigia Bosi huku analia. Ni kwamba alitaka meno yang'ae zaidi siku hiyo, basi akayatia kwenye sufuria na kuyachemsha, kama mtu anayechemsha mayai. Karatasi tunayowapa wateja imeandikwa kwa wino mwekundu, maji ya vuguvugu tu, lakini mwenye fikra kubwa hasomi karatasi. Ile plastiki ya waridi inayoshika meno ilikuwa imejikunja. Hayakai tena mdomoni. Bosi akanikabidhi kimashine cha kusagia, unga wa plastiki, na chupa ya dawa ya kuukanda, akaniambia kimbia.

Nilimkuta kwenye chumba kidogo nyuma ya jukwaa, ameziba mdomo kwa leso, suti ya buluu, viatu vinameremeta. Bila meno yale ni mzee wa kawaida, Mama, mashavu yameingia ndani, na nakuapia alikuwa anapendeza zaidi. Ukumbini watu mia tatu walikuwa wameanza kupiga makofi ya kumwita. Nikasaga, nikajaza, nikambandikia, nikasaga tena. Mikono yangu haikutetemeka hata kidogo. Ilichukua saa nzima na dakika kumi. Nikamwonya asifungue mdomo sana na asitamke kwa nguvu maneno yenye kupuliza, maana yanaweza kuruka. Akatoka, na mimi nikasimama mlango wa pembeni na mfuko wangu nione kama yatakaa.

Ikabidi aeleze kwa nini amechelewa. Unadhani alisema nini? Alisema kwa sauti ya mtu aliyebeba yai mdomoni kwamba alikuwa na rafiki yake, daktari bingwa wa meno, ambaye amekuja mwenyewe kushuhudia mafunzo. Akasema huyu ni mfano wa mtu aliyethubutu kuwa yeye. Akaninyooshea mkono pale mlangoni, na watu mia tatu wakageuza shingo.

Mama, nilikuwa na kila nafasi. Ningeweza kutikisa kichwa. Ningeweza kuchukua mfuko wangu na kuondoka. Niliinama. Niliweka mkono kifuani, nikainama kama bibi harusi, nao wakapiga makofi, nikainama tena.

Wakati wa mapumziko ya chai wanawake kadhaa walinizunguka, kila mmoja na jino lake. Mmoja alikuwa muuza nyuzi na vifungo, mama wa makamo, shavu la kushoto limevimba. Alisema jino la nyuma limemuuma siku nne. Nikamshika kidevu nikamgeuza usoni kwenye mwanga, kama nilivyoona madaktari wanavyofanya. Nikabonyeza shavu kwa vidole viwili. Nikasema hmm. Kisha nikamwambia asukutue maji ya vuguvugu yenye chumvi mara tatu kwa siku, ameze dawa ya maumivu, na uvimbe utashuka wenyewe. Alinishukuru sana. Na mimi, sitakuficha, nilikwenda nyumbani nimefurahi kuliko siku niliyopandishwa cheo.

Siku mbili baadaye, Jumatatu, Kaka akapiga kusema shavu lako limevimba. Unakumbuka nilivyojibu, na nyumba nzima ikisikiliza. Nilikuambia maneno yale yale, maana yalikuwa bado ya moto mdomoni: chumvi, vuguvugu, mara tatu, ukae unisubiri, nakuja mwisho wa mwezi. Jumapili Kaka alipopiga tena nikasema endelea hivyo hivyo.

Jana Jumatano nilipeleka kisanduku cha kazi zilizokwisha kwenye hospitali kubwa, idara ya meno, kama ninavyopeleka kila wiki. Kupita wodini nikamwona yule muuza vifungo. Nilimjua kwa kitambaa cha kichwani, kile kile cha siku ya ukumbini, maana uso haukuwa wake. Uvimbe ulikuwa umeshuka kutoka shavuni ukaingia shingoni, shingo imekuwa sawa na kichwa, na mpira umepitishwa kooni ili apate hewa. Usaha ulikuwa umetafuta njia ya kuteremka. Daktari wa zamu, daktari hasa, binti mdogo kuliko mimi, alisema walimwahi kwa saa chache tu. Alikuwa na hasira. Akaniambia, mimi niliyesimama pale na kisanduku cha meno mkononi, kwamba kuna daktari huko mtaani amemwambia mtu mwenye jipu la jino asukutue chumvi, na kwamba angemjua angempeleka polisi kwa mkono wake.

Nikaitikia. Nikasema watu wengine bwana, hawana hata haya. Nikamkabidhi kisanduku, akatia saini, nikatoka.

Nimewahi kuwadharau watu wengi, Mama, lakini yule mwanamke aliyetoka mlango ule wa wodi ni wa peke yake. Nyani haoni kundule, husema watu, na mimi nilikuwa nimeshona hata suruali ya kulifunika.

Jioni ile ile nikapiga simu nyumbani. Nikasema Mama apelekwe hospitali leo, si kesho, leo. Na wewe ukajibu kutoka kwenye kiti chako, nilikusikia kwa shida maana mdomo haufunguki, kwamba huendi popote, una daktari wako, na utanisubiri mpaka mwisho wa mwezi. Kaka akawaambia waliokuwepo mnaona anavyojishusha, mtu mwenye elimu ya kweli hajisifu. Wakacheka wote. Nilirudia mara tatu. Kadiri nilivyosisitiza ndivyo mlivyozidi kunisifu. Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuna amri yangu itakayokutoa kwenye kiti hicho, isipokuwa nikuambie hili.

Mimi si daktari wa meno, Mama. Sijawa hata siku moja.

Mimi ni fundi wa meno bandia. Nafanya kazi karakanani, chumba cha chini, meza tano, taa moja kwa kila meza, vumbi la plasta mpaka kwenye nywele. Madaktari wananitumia vipimo vya midomo ya watu, nami natengeneza meno ninawarudishia. Wengi wa wanaovaa kazi yangu siwaoni hata sura. Sina kiti cha wagonjwa, sina sindano ya ganzi, na sheria hainiruhusu kumwekea mtu kidole mdomoni bila daktari kusimama hapo. Ile picha iliyoning'inizwa sebuleni, mimi na koti jeupe, ni koti la karakana. Koti jeupe huvaliwa hata na muuza nyama. Ile hati niliyowaambia imekwama kwenye ofisi ya chuo, imekwama mwaka wa kumi na moja sasa, na katika nyumba ya watu tisa hakuna aliyewahi kuuliza ofisi gani hiyo. Na kila likizo, jirani akija na jino lake, vifaa vyangu vilikuwa vimesahaulika kazini. Hata kioo kidogo. Hata koleo. Daktari gani huyo, Mama? Mngekuwa mmeajiri fundi bomba wa namna hiyo mngemfukuza siku ya kwanza.

Usidhani nilifukuzwa chuoni. Hilo ndilo ungelitegemea, na ndilo lingekuwa rahisi kusamehe. Mwaka wa pili walinipa mgonjwa wangu wa kwanza wa kung'oa. Nilishika koleo, mkono umetulia, mwalimu nyuma yangu, na yule mgonjwa akanitazama machoni akiwa ameshika mikono ya kiti. Sikuzimia wala sikulia. Niliona tu kwamba sitaki. Sitaki leo, na kesho sitataka. Nikaweka koleo kwenye trei, nikaomba radhi, nikateremka ngazi mpaka chini kabisa kutafuta maji ya kunywa. Huko chini kulikuwa na fundi mmoja mzee anapanga meno kwenye nta, jino moja moja, anageuza kidogo, anarudi nyuma kutazama, anageuza tena. Nilisimama pale mpaka wakafunga. Wiki iliyofuata nikaomba kuhamia chini. Walishangaa, kwa sababu watu huomba kupanda ngazi, hakuna anayeomba kushuka.

Ni jambo pekee maishani mwangu nililolichagua bila kusukumwa na mtu. Ninaipenda kazi hii, Mama. Naipenda kwa namna ambayo sijawahi kukuambia napenda kitu. Nikimaliza meno ya bibi kizee fulani, yenye doa lake la chai na pengo dogo alilozaliwa nalo, na nikasikia kwamba mjukuu wake hakugundua kitu, nashinda na furaha siku tatu. Na kazi hiyo hiyo ndiyo niliyoionea haya mbele yako. Nilikuja likizo, ukanipokea getini, majirani wamejipanga, ukaniita Daktari kwa sauti, nami nikaitika. Mara ya kwanza niliitika kwa sababu ulikuwa umefurahi na sikutaka kukukatiza. Mara ya pili kwa sababu niliitika mara ya kwanza. Baada ya hapo sikutafuta tena sababu.

Bwana Kuwa-Wewe ana meno manne ya uongo, na namcheka. Mimi nimekupa binti mzima wa uongo, umemtundika ukutani, unamfutia vumbi kila Ijumaa.

Leo asubuhi nimerudi hospitali. Nilimwambia kwanza yule daktari wa zamu kwamba ni mimi niliyemwambia yule mama habari za chumvi. Akaniambia mambo ambayo sitayaandika, na yote nilistahili. Amesema ataandika taarifa, na akiiandika huenda nikaikosa kazi yangu. Nimempa jina langu kamili na mahali ninapofanya kazi ili asihangaike kutafuta. Kisha nikaenda kitandani kwa muuza vifungo. Sasa ameondolewa ule mpira, anaongea kwa kunong'ona. Nilimweleza yote. Hakunitukana. Aliniuliza kitu kimoja tu, kwa nini sikusema kwamba sijui.  Kisha akageukia ukutani akafumba macho.

Utauliza kwa nini sikuja mwenyewe badala ya kutuma karatasi. Nakuja. Nimekata tiketi ya Jumatatu. Lakini nimeogopa kutangulia mimi kabla ya barua, kwa sababu najijua. Ningefika getini, ungenyanyuka na shavu lako hilo, ungeniita Daktari, nami ningeitika.

Sasa jambo lenyewe. Vua ndara, Mama, vaa viatu. Muuguzi huyo aliyekaa mbele yako atakupeleka hospitali leo hii, hatakungoja upike wala ufue. Ukifika umweleze daktari, daktari hasa, siku uvimbe ulipoanza, kwamba mdomo haufunguki, na kama kumeza kunakuuma basi uliseme hilo la kwanza kabisa. Ukiulizwa nani alikuambia ukae nyumbani usukutue chumvi, usinifiche. Sema ni mwanangu, na si daktari. Mfungulie mdomo mtu baki. Mtu baki huyo amesoma, na haoni haya kusema asichokijua.

Naogopa, Mama. Tangu jana nikifumba macho naona ile shingo, na uso naona wako.

Kuhusu watu, fanya utakavyo. Ukitaka kuwaambia waambie, ukitaka kuwaachia wajionee wenyewe, sawa. Kaka atasema alijua siku zote. Mwache aseme, ni burudani yake. Shangazi atasema heri angekuwa mwalimu. Mpe salamu zangu nyingi, na watoto wote wa Kaka wape salamu zao, na jirani wa mbele ambaye nilimwacha na jino lake miaka miwili nikidai nimesahau vifaa, mwombe radhi kwa niaba yangu na umwambie aende nawe leo, kiti cha nyuma kipo.

Najua utanikasirikia. Una haki, na sitaomba unipunguzie. Ila nakuomba unikasirikie ukishapona, maana ninayostahili kuambiwa yanahitaji mdomo unaofunguka wote.

Wasalaam,

Ni mimi mwanao wa pili, ambaye hajawahi kumng'oa mtu jino.